Mkono mzito baada ya upasuaji wa titi

Pole, dada. Umeuliza kama mkono kuwa mzito, miezi kadhaa baada ya kutolewa titi na tezi za kwapani, ni uchovu tu. Usiupuuze, hata kama hujaona uvimbe. Maji ya limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopitia tezi hizo, yakikosa njia, mara nyingi mwili huhisi kabla jicho halijaona: mkono unajaa, ngozi inavuta, bangili iliyokuwa ikicheza sasa inaacha alama. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima mikono yote miwili sehemu zilezile, andika, kisha mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo). Kukandwa kwa maji ya moto hapana, hata shangazi akisisitiza. Ngozi ikiwaka, ikiuma au kubadilika rangi, hasa ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.