Pointi 1.5 za wasichana: zinaongezwa wapi?

Mama, umeuliza kuhusu pointi 1.5 ambazo wasichana wa Uganda huongezewa wanapoomba chuo. Haziko kwenye karatasi ya matokeo ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda), usizitafute huko. Chuo kikuu cha umma ndicho kinaziongeza wakati wa kupima kila kozi. Makerere ilianza utaratibu huo mwaka 1990. Binti haombi pointi hizo, ila ahakikishe fomu inasema ni mwanamke (kosa dogo, lakini hutokea).

Hesabu yenyewe, kwa madaraja ya kidato cha sita: A ni 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1. Masomo mawili ya lazima ya kozi huzidishwa kwa 3, la tatu linalohusiana na kozi kwa 2, General Paper (GP, somo la maarifa ya jumla) na somo dogo kama kompyuta kwa 1.

Umesema binti yako ana B, C, C. Kama B na C moja ni masomo ya lazima: 15 + 12 + 8 = 35. GP na kompyuta akifaulu, 37. Ongeza za S4 (kidato cha nne), tuseme 2.2, anafika 39.2. Za wasichana zikiingia, 40.7.

Sasa angalia: daraja moja tu katika somo la lazima lina uzito wa pointi 3. Yaani hiyo 1.5 ni nusu daraja, haimwokoi aliyechagua kozi ambayo somo lake zuri halihesabiwi kuwa la lazima. Hapo ndipo wengi huumia. Apige hesabu ya kila kozi peke yake, kisha alinganishe na pointi za mwisho (za chini kabisa zilizokubaliwa) za mwaka jana upande wa wasichana, maana orodha hutoka mbili, ya wasichana na ya wavulana.