Ukuta ni wa mwenye nyumba, mchoro je?

SWALI: Mhariri, ninachora mabango na picha za ukutani hapa Mwanza tangu nilipomaliza shule. Miaka miwili iliyopita mwenye duka mmoja wa Kirumba aliniruhusu kuchora kwenye ukuta wake unaotazama barabara. Nilichora mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ikiwa na karabai usiku, na nyuma yake Jiwe la Bismarck. Yeye alinunua rangi, nami sikumdai ufundi. Mwezi uliopita nimeikuta picha hiyo hiyo imechapishwa kwenye fulana zinazouzwa kwa wageni, na sasa mpangaji mpya anataka kuupaka ukuta wote rangi ya tangazo. Wenzangu wanasema mchoro wa mtaani hauna mwenyewe. Je, ni kweli?
Fundi rangi, Kirumba

JIBU: Ndugu Fundi, si kweli, na inaniuma kwamba mafundi wenyewe ndio wanaoambizana hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi ya sanaa tangu inapoundwa, hata kama haijasajiliwa popote, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwenye duka ana ukuta wake, lakini kununua makopo ya rangi si kununua haki ya kunakili mchoro. Aliyechapisha fulana alipaswa kukuomba ruhusa.

Hapo tofautisha mambo mawili. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, hakuna aliyejua kwamba wachoraji wengi wangeufuata mtindo wake baada ya kifo chake mwaka 1972. Mtindo haufungwi na sheria. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuchora karabai za ziwa letu, ila hawezi kuichukua picha yako wewe, kwa mistari yako, akaiuza.

Kuhusu ukuta, hali yako ni ngumu zaidi. Huko Queens, New York, mmiliki wa majengo yaliyoitwa 5Pointz aliwaruhusu wachoraji kwa miaka mingi, kisha Novemba 2013 akaifunika michoro yao kwa rangi nyeupe usiku, bila kuwapa taarifa ya maandishi ya siku 90. Mwaka 2018 mahakama ilimwamuru awalipe wachoraji 21 dola milioni 6.7, na rufaa yake ikashindwa mwaka 2020. Sheria iliyotumika ni ya Marekani ya mwaka 1990, nayo haiwezi kukutetea Kirumba, lakini ona kilichowasaidia wale wachoraji: walifika mahakamani na picha za kazi zao, kumbukumbu zao, na wataalamu wa kueleza thamani yake. Wewe una nini mkononi?

Nauliza kwa sababu soko la sanaa halijawahi kuidharau kazi kwa kuwa ilitoka mtaani. Jean-Michel Basquiat alianza kwa kuandika kwenye kuta za New York mwishoni mwa miaka ya 1970, na mchoro wake mmoja wa mwaka 1982 uliuzwa mnadani mwaka 2017 kwa dola milioni 110.5, karibu miaka 30 baada ya kifo chake. Jina lake lilijulikana. Je, mchoro wako una chata yako pembeni, pamoja na mwaka?

Kama hauna, iweke wiki hii, kwa idhini ya mwenye duka. Piga picha ukuta mzima na kila sehemu yake, nunua fulana moja na udai risiti, kisha mwombe mwenye duka aandike na kusaini kwamba wewe ndiwe uliyechora. Mwandikie muuzaji wa fulana ukidai malipo, na akikaa kimya, peleka vielelezo vyako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kwa mpangaji nenda mwenyewe, ukiongozana na mwenye duka, mkamwombe tangazo lichukue upande mmoja tu. Akikataa, mwombe akutajie siku ya kupaka rangi, ili picha zote ziwe zimepigwa kabla ya siku hiyo.