Maswali ya wasomaji: Faida ya ubuyu iko wapi?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 15 na yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa hapa Morogoro. Tangu Februari anapika ubuyu kila Jumamosi, Jumapili anaufunga pamoja na mdogo wake wa miaka 10, kisha anauuza shuleni kwa shilingi 200 kila pakiti. Ameniandikia hesabu yake: kilo mbili za ubuyu 6,000, kilo ya sukari 3,000, rangi, iliki na arki 1,500, vifungashio 1,500, jumla 12,000. Anapata pakiti 120, yaani 24,000, kwa hiyo anasema faida ni 12,000 kwa wiki. Mimi sijawahi kuiona hiyo faida. Darasani ameshuka kutoka nafasi ya 7 hadi ya 21, na wiki iliyopita mwalimu wa zamu alimnyang'anya pakiti 30. Baba yake anasema nimwache ajifunze maisha. Je, nimkataze?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Mama, nakushauri usimkataze kwanza. Ichukue hiyo hesabu, mkae nayo mezani, kwa maana umeandika mwenyewe kwamba hujawahi kuiona faida, na nadhani hujaiona kwa sababu sehemu kubwa yake haipo. Ubuyu hupikwa kwa moto, lakini katika orodha yake sioni mkaa. Bila shaka ni mkaa wako, na tukiukadiria kwa 2,000, faida inabaki 10,000. Muulize ni pakiti ngapi huliwa na yeye, mdogo wake na marafiki wanaomsindikiza njiani. Tuseme ni 15, ambazo ni 3,000. Muulize pia ni wangapi darasani wamekula kwa ahadi ya kulipa Ijumaa na Ijumaa imepita. Tuseme ni pakiti 20, ambazo ni 4,000. Sasa zimebaki 3,000, na ikiwa anatumia saa tatu kupika na saa nne kufunga, malipo yake hayafiki shilingi 430 kwa saa. Wiki ambayo mwalimu alichukua pakiti 30, zenye thamani ya 6,000, kijana alifanya kazi kwa hasara ya 3,000 bila kujua.

Makadirio hayo ni yangu, naye anaweza kuja na mengine. Ndiyo maana ni vyema ayapige yeye kwa mkono wake, wewe ukiwa msikilizaji. Mpe daftari lenye ukurasa wa manunuzi, ukurasa wa mauzo na ukurasa wa wanaodaiwa, na kuanzia wiki hii akulipe mkaa wako kwa fedha taslimu. Si kwa kumkomoa. Biashara inayokula jikoni mwa mama bila kuandikwa huonekana nzuri hadi siku ambayo mwenyewe atapanga chumba chake na kununua mkaa wake.

Jambo linalofuata ni mahali pa kuuzia. Mwanafunzi anayewauzia wanafunzi wenzake hawezi kubandika ukutani lile tangazo la madukani la kukataa mikopo, kwa sababu mteja wake ni huyo huyo anayekaa naye dawati moja, na akimnyima leo kesho hana wa kumwazima kalamu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hayo hufanyika katikati ya kipindi cha hisabati. Kwa upande wa mwalimu wa zamu, sioni kosa lake: wanafunzi kadhaa wakiumwa tumbo baada ya kula kitu kilichopikwa kusikojulikana, atakayeulizwa na wazazi ni shule. Mwanao akitaka kuuza pale, aende kwa mkuu wa shule na kuomba ruhusa kama waombavyo mama lishe, na akinyimwa akubali.

Hata hivyo, ninaona njia iliyo bora zaidi. Azungumze na maduka mawili au matatu ya mtaani kwenu awauzie kwa jumla, tuseme 150 kwa pakiti, wakilipa wakati wa kupokea. Pakiti 120 zitampa 18,000. Ukitoa 14,000 za gharama pamoja na mkaa, anabaki na 4,000. Bei imeshuka na faida imepanda, kwa kuwa hakuna deni, hakuna mwalimu, wala hakuna rafiki wa kuonjeshwa. Hesabu hii peke yake inaweza kumfundisha zaidi ya maneno yangu yote.

Kuhusu masomo, tazama ripoti yake somo kwa somo kabla ya kuulaumu ubuyu. Ikiwa ameshuka katika masomo yote, huenda ni uchovu na kukosa muda wa kujisomea. Ikiwa ameshuka katika hisabati na fizikia tu, usiubebeshe ubuyu mzigo usio wake, mtafute mwalimu wa masomo hayo. Mwezi Novemba ana upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, ambao asiyefaulu hukariri darasa, kwa hiyo mkubaliane tangu sasa kwamba sufuria inawekwa kando mwanzoni mwa Septemba na kurudi mezani mitihani ikiisha. Akikataa kusimama kwa miezi mitatu, hapo ndipo ningemkataza.

Nikukumbushe pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kwa sharti kwamba isimzuie mtoto kuhudhuria shule, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Masharti hayo yanawahusu zaidi waajiri, lakini ni kipimo kizuri hata nyumbani. Yule mdogo wa miaka 10 anaweza kumsaidia kaka yake kwa nusu saa kama anavyosaidia kuosha vyombo. Saa nne za kufunga pakiti kila Jumapili ni ajira, na umri wake haujafika.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu jijini Tanga. Ninatengeneza kadi za michango na za mialiko ya harusi kwa kutumia simu, na wateja hulipa kupitia laini ya kaka yangu. Mwezi uliopita ziliingia 45,000, kaka akazitumia kulipia chumba chake, akaniambia atarudisha. Sasa mwenye ukumbi mmoja anataka tusaini mkataba wa kumtengenezea kadi mwaka mzima. Nisaini?
Mchoraji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisaini. Kwa Sheria ya Mikataba, mtu aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba, kwa hiyo karatasi hiyo haitakusaidia siku mwenye ukumbi akikataa kulipa. Ikiwa mzazi wako ameridhia, asaini yeye kwa niaba yake mwenyewe na kazi uifanye wewe. Lakini hata hapo ningesita, kwa sababu harusi nyingi hujazana katika miezi ya likizo na baada ya Idi, nao wenye harusi hawajui ratiba ya mitihani yako. Fanya kazi kadi kwa kadi: nusu ya malipo kabla ya kuanza, nusu kabla ya kutuma kadi iliyokamilika, na marekebisho mawili bila malipo. Sharti hilo la marekebisho litakuokoa, maana familia yenye harusi inaweza kubadili mpangilio wa majina ya wajomba mara nane kwa usiku mmoja.

Kuhusu laini, fedha zilizomo humo, kwa macho ya kampuni ya simu, ni za aliyeisajili. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza, na laini ambazo hazikusajiliwa kuanza kuzimwa Januari 20, 2020, laini hufuata kitambulisho cha taifa, ambacho wengi wa umri wako hawana. Mzazi au mlezi anaweza kumsajilia mtoto laini. Mwombe mama au baba akusajilie yako, na yeye pekee ndiye ajue namba ya siri pamoja nawe. Zile 45,000 ziandike kwenye daftari mbele ya kaka, pamoja na tarehe atakayoitaja yeye. Akisema humwamini, mwambie kwamba wateja wako wote unawaandika.

SWALI: Mpwa wangu wa kike, anayelelewa na bibi yake, ameanza kidato cha kwanza shule ya bweni. Nataka nimpe kuku kumi wa kienyeji awe na mradi wake. Ni wazo jema?
Mjomba, Singida

JIBU: Ni wazo jema kwa bibi yake, maana ndiye atakayewafungulia asubuhi na kuwafungia jioni muhula mzima. Basi muiteni bibi kwenye makubaliano, mumwekee sehemu yake ya mayai na vifaranga, tuseme nusu, kabla kuku hawajafika. Wapelekwe watano badala ya kumi, na fedha inayobaki itumike kununua chanjo ya mdondo, ile ya tone moja jichoni, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mdondo ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kumaliza kuku wote kabla binti hajarudi likizo. Tarehe za chanjo aziandike yeye mwenyewe kwenye kalenda ya bibi siku anayoondoka kwenda shule.