Maswali na Majibu: Muda Unaoonekana kwa Macho

Mwezi uliopita tulimjibu msomaji mmoja kwa mistari michache kuhusu kipima muda cha kuonyesha, yaani ile taima ambayo badala ya kukuambia sasa ni saa ngapi, inakuonyesha kiasi kilichobaki kikipungua mpaka kiishe. Tulidhani jambo hilo limekwisha, kumbe ndipo barua zilipoanza kuja. Tumechagua nne.

Mshauri, mwanangu ana miaka sita na yuko darasa la kwanza. Gari la shule hupita kwetu Tabata saa kumi na mbili na robo asubuhi, na kuanzia saa kumi na moja na nusu, nyumba nzima inasikika sauti yangu tu. Namwambia zimebaki dakika kumi, anaitikia "sawa mama", na dakika kumi zikiisha namkuta amevaa soksi moja, anachezea kamba ya kiatu. Dada yangu amenishauri ninunue ile saa yenye duara jekundu linalopungua. Itasaidia, au nitapoteza hela? — Mama wa Tabata

Mama, kabla ya kuzungumzia duara jekundu, tumtetee mtoto kidogo, kwa sababu sidhani kwamba anakukaidi. Kwa mtoto wa miaka sita, "dakika kumi" ni maneno matupu yasiyo na umbo, na sisi wakubwa tumeyafanya kuwa matupu zaidi. Anatusikia tukisema kwenye simu "nipe dakika mbili" na kumaliza robo saa. Anatusikia tukimwambia mtu "nimeshafika Ubungo" ilhali bado tunatafuta funguo chumbani. Amejifunza kwetu kwamba dakika ni kitu cha kuvutwa.

Kuna jambo la pili ambalo watoto wa Kiswahili wanalo na ambalo maelekezo ya vifaa hivi hayalifikirii kamwe. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu na Ikweta, jua halitusaliti: mwaka mzima hutoka na kuzama karibu na wakati uleule. Lakini saa ya ukutani imechorwa kwa hesabu nyingine, hivyo mkono mfupi ukiwa kwenye saba, bibi anasema ni saa moja, na mwalimu wa shule ya mchepuo wa Kiingereza anasema ni saba. Neno lenyewe "saa" linabeba mizigo mitatu: ni kifaa cha ukutani, ni muda wa dakika sitini, na ni wakati fulani wa siku, kiasi kwamba "saa mbili" inaweza kuwa muda wa kusubiri foleni au wakati wa taarifa ya habari usiku. Mtu mzima hayaoni haya kwa sababu ameyazoea. Mtoto anayejifunza hesabu ya kutoa anayaona vizuri sana.

Hapo ndipo kipima muda kinapomsaidia, kwa sababu hakina mgogoro wa saa za Kiswahili na za Kiingereza. Hakisemi ni saa ngapi hata kidogo. Kinachoonekana ni kipande cha rangi, na kipande kikiwa kidogo muda ni mdogo, jambo ambalo mtoto anayetazama aiskrimu yake ya ubuyu ikiyeyuka juani anaelewa bila kufundishwa. Na kwa kweli kifaa hicho kilitokana na mtoto: mama mmoja wa Cincinnati nchini Marekani, Jan Rogers, alikibuni katika miaka ya 1990 kwa ajili ya binti yake mdogo aliyekuwa akiuliza kila mara muda uliobaki. Kile cha kawaida kina uso wa dakika 60. Unavuta duara jekundu hadi dakika unazotaka, nalo linajificha taratibu mpaka libaki jeupe tupu.

Sasa hesabu yako. Kutoka saa kumi na moja na nusu hadi gari lifike una dakika 45. Usimwekee zote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa duara la dakika 45 linapungua polepole mno kwa macho yake, na ataliacha liendelee peke yake. Mpe 10 za kuoga, 10 za kuvaa, 15 za chai na mkate, kila fungu likianza upya, na 10 zinazobaki ziwe zako, za kutafuta daftari lililopotea. Weka kifaa mahali ambapo macho yake yanafika akiwa amesimama, na si juu ya friji. Usianze nacho asubuhi ya shule. Kianze Jumamosi kwa jambo analolipenda, mathalani dakika 20 za katuni, ili asikijue kwanza kama polisi. Na muda ukiisha, mwelekeze kwenye kifaa kwa sauti ya kawaida, "tazama, nyekundu imekwisha", kisha mwendelee na kinachofuata hata kama soksi ya pili ataivalia mlangoni. Kosa kubwa ambalo wazazi hulifanya ni kukisogeza kwa siri, kuongeza wakiwa na huruma na kupunguza wakiwa na hasira. Siku mtoto atakapokuona, kitakuwa kama "dakika mbili" zetu za kwenye simu.

Ikiwa tatizo hili linaonekana kila mahali, nyumbani, darasani na hata kwenye michezo, na limedumu, zungumza na mwalimu wake na umwone daktari wa watoto. Wapo watoto wenye tatizo la kutuliza akili kwenye jambo moja (ADHD kwa Kiingereza), ambao mtaalamu wa Marekani Russell Barkley anawaeleza kuwa kama wasiouona muda unavyopita. Hao kipima muda huwafaa, lakini hakiwatoshi peke yake.

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mhasibu, nafanya kazi Posta na naishi Kimara. Najiandaa kwa mitihani ya bodi ya Novemba. Nafika nyumbani saa mbili usiku, nakaa mezani mpaka saa tano, lakini nikijipima naona nimesoma kurasa nne tu. Niliweka taima kwenye simu, ila nikiigusa nakutana na ujumbe wa kundi la WhatsApp, na nusu saa imeshapita. — Mhasibu wa Kimara

Marahaba, kijana. Umemkabidhi fisi bucha. Kifaa kinachokuibia muda hakiwezi kuwa ndicho kinachokulindia. Ipeleke simu ikachajiwe chumba kingine, na kazi ya kuhesabu uipe taima ya jikoni ya kuzungusha kwa mkono, au kiswaswadu cha zamani kisicho na intaneti, au saa ya mchanga ambayo tutaieleza katika barua ya mwisho. Mimi mwenyewe sipendi zile zinazogonga "tik-tik-tik", maana huishia kusikiliza taima badala ya kusoma. Chagua iliyo kimya mpaka mwisho.

Huenda umesikia kuhusu mtindo wa Pomodoro, neno la Kiitaliano lenye maana ya nyanya. Francesco Cirillo aliuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Italia, kwa taima ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na baada ya mizunguko minne, mapumziko marefu zaidi. Ni dawa nzuri ya uvivu wa kuanza, kwa kuwa hakuna asiyeweza kuvumilia dakika 25. Hata hivyo, si amri ya dini. Anayeunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, akikatizwa dakika ya 25 wakati ndipo anaanza kuona mizania inakaa sawa, amepata hasara.

Kwako ningependekeza muda utokane na mtihani wenyewe. Karatasi ya saa tatu, yaani dakika 180, ikiwa na alama 100, kila alama ina dakika 1.8. Swali la alama 20 basi lina dakika 36, na hakuna zaidi. Chukua swali moja la mtihani uliopita, weka 36, weka kifaa mbele ya daftari, na ufanye mpaka kiishe. Kikiisha, piga mstari mwekundu chini ya pale ulipofika, kisha umalizie kwa kalamu ya rangi nyingine. Baada ya wiki mbili, mstari huo utakuambia jambo ambalo kurasa nne hazikuweza kukuambia: kama unakwama kwenye kuelewa swali, au kwenye kukokotoa, au unapoteza dakika 10 za kwanza ukichora jedwali zuri ambalo msahihishaji hatalipa alama.

Kando ya daftari weka kikaratasi. Wazo likikujia, kwamba hujamtumia mama hela ya luku au hujamjibu bosi, liandike kwa maneno mawili na urudi kwenye swali. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapoacha kazi moja bila kuimaliza na kwenda nyingine, sehemu ya akili hubaki kwenye ile ya kwanza. Kikaratasi hakimalizi jambo, lakini kinaliweka mahali pa kulikuta baadaye. Mapumziko yawe ya kusimama, kunywa maji, kutoka kibarazani kupunga upepo. Ukiyapeleka kwenye simu, mapumziko yenyewe yatahitaji taima.

Na usiku, kwa mtu aliyeshinda Posta na kurudi Kimara kwa mwendokasi akiwa amesimama, maswali mawili ya dakika 36 yaliyofanywa kikweli yanatosha. Saa nne kasoro robo uwe umefunga daftari.

Mshauri, mimi ni fundi cherehani Magomeni. Mteja akiuliza nguo itakuwa tayari lini, nasema keshokutwa, na wallahi naamini hivyo. Kisha inafika wiki na mteja ananikuta sijakata hata kitambaa. Hiyo taima itanifanya niongeze mwendo? — Fundi wa Magomeni

Fundi, haitakuongezea mwendo, na nisingependa ifanye hivyo, kwa kuwa gauni lililoharakishwa hurudi kwako likiwa na mwenyewe ndani, amekasirika. Tatizo lako liko kwenye kukadiria. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979: mtu akikadiria muda wa kazi huifikiria kazi hiyo ikienda vizuri mwanzo hadi mwisho, na hakumbuki zile zilizopita zilichukua muda gani hasa.

Kwa hiyo itumie taima kama shahidi. Kabla ya kuanza gauni, andika makadirio yako kwenye daftari la vipimo, tuseme saa mbili na nusu, kisha pima fungu kwa fungu: kukata, kushona, kuweka zipu, kupiga pasi. Taima ikilia na kazi bado, andika ziada. Andika pia vile visivyo kushona: mteja aliyekuja kujaribisha akakaa kupiga soga, umeme uliokatika, kijana uliyemtuma Kariakoo kufuata kitambaa cha ndani akarudi na rangi siyo. Ukishaandika nguo kumi hivi, utakuwa na wastani wako mwenyewe, na mteja wa kumi na moja utampa siku iliyotoka daftarini. Wengine watakuacha wamfuate fundi anayesema keshokutwa. Wengi wao, nadhani, watarudi.

Mwanangu, nimesoma habari za vidude hivyo na sina hela ya kuvinunua. Zamani tuliona chupa za mchanga. Wajukuu wangu wanaweza kutengeneza? — Bibi wa Kigamboni

Shikamoo bibi. Wanaweza, na watakuwa wametengeneza kifaa kikongwe kuliko vyote tulivyotaja leo: mchoraji Ambrogio Lorenzetti alikwisha kukichora ukutani huko Siena, Italia, mwaka 1338, na mabaharia walikitumia kupima zamu zao melini, wakikigeuza kila nusu saa na kugonga kengele. Uzuri wa mchanga ni kwamba hutiririka kwa mwendo karibu uleule, chupa ikiwa imejaa au imebaki robo. Maji hayafanyi hivyo. Kadiri yanavyopungua, ndivyo yanavyotoka polepole, na alama utakazochora kwenye chupa hazitalingana.

Watafute chupa mbili za maji za nusu lita zilizokauka kabisa ndani. Vifuniko vyake vigundishwe mgongo kwa mgongo kwa gundi ngumu, na mtu mzima ndiye atoboe katikati, kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja la milimita 3 hivi, ambalo njiti ya kiberiti inapita kwa kulegea. Mchanga wa ufukweni hapo Kigamboni unafaa, ila una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa yetu ya pwani mpaka mchanga ugande tunduni. Uoshwe kwa maji ya bomba mara tatu nne, uanikwe juani kwenye sinia siku nzima, kisha uchekechwe kwa chujio la chai ili vipande vya makombe vibaki juu. Wajaze chupa moja kama robo tatu, wafunge, wageuze, na wapime kwa saa ya simu. Nakadiria mtapata dakika 10 hivi, lakini tundu na mchanga wa kila mtu vina tabia zake. Ikiisha mapema, waongeze mchanga kijiko kimoja kimoja, ikichelewa, wapunguze, na ikisimama katikati, waimimine yote kwenye sinia na kuirudisha juani, kwa kuwa bado ina maji.