Maswali ya Wasomaji: Mwaka Mpya wa Japani na Chakula Kilichopoa

SWALI: Nimesoma kwamba Wajapani huukaribisha mwaka kwa vyakula vilivyopangwa ndani ya masanduku na kuliwa vikiwa vimepoa. Je, katika baridi yote ile ya Januari, hawana chakula cha moto?

JIBU: Vyakula hivyo huitwa osechi. Hupikwa siku za mwisho za Desemba na kupangwa katika jubako, yaani masanduku yanayopandanishwa, ili siku tatu za mwanzo wa mwaka mpishi naye apumzike. Kwa kuwa desturi hii ilianza kabla ya majokofu, mapishi mengi hutegemea sukari, chumvi, siki na mchuzi wa soya ili chakula kisiharibike, na ndiyo sababu mgeni huona utamu umezidi. Karibu kila kitoweo kina dua yake: mayai ya samaki aina ya heringi huombea uzao, na kamba, ambaye mgongo wake umepinda kama wa mzee, huombea umri mrefu. Siku hizi familia nyingi hununua masanduku yaliyokwisha kuandaliwa, nami siwalaumu, kwani soya nyeusi peke yake hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa kwa saa kadhaa juu ya moto mdogo, huku mpishi akichunga maganda yasikunjamane wala kupasuka.

Cha moto kipo, nacho ni ozoni, supu yenye mochi, yaani madonge ya mchele unaonata uliopikwa kwa mvuke na kutwangwa. Hapa kila mkoa hushikilia lake. Tokyo hupendelea mochi za mraba zilizochomwa, katika supu nyepesi yenye mchuzi wa soya. Kyoto hutumia za mviringo katika miso nyeupe, rojo ya soya iliyochachushwa. Na Kagawa, katika kisiwa cha Shikoku, hutia ndani ya mochi maharage matamu ya azuki, kisha huzitumbukiza katika miso hiyohiyo. Ukibahatika kuonja, kata vipande vidogo na utafune taratibu, kwa sababu mochi hukwama kooni, na kila Januari wapo wazee wanaopoteza maisha kwa namna hiyo.

Aidha, usiku wa tarehe 31 Desemba huliwa tambi za soba, mara nyingi katika supu ya moto, na tarehe 7 Januari hupikwa uji wa mchele wenye majani ya aina saba, ili tumbo lipate nafuu baada ya karamu.