Blakiberi na "boga la mwaloni" kwa mgonjwa wa sukari, nilichokiona kwa bi mkubwa

Mkuu umeuliza kati ya blakiberi na lile boga dogo la Kimarekani, ekoni skwoshi, kipi kina lishe zaidi maana mzee wako ana sukari na umetumiwa chati ya msosi. Hii kitu nimeipitia, imenila hela na aibu juu, ngoja nikupe stori.

Mwaka juzi bi mkubwa aligundulika na sukari, dogo yuko Marekani akamtumia chati WhatsApp, ndani kuna hivyo hivyo vitu viwili. Mimi lile jina la pili nikalitia kwenye programu ya kutafsiri ikanipa boga la mwaloni. Sasa mtu wa Mwanza ukimwambia mwaloni anajua ni lile soko la samaki na dagaa la Kirumba tu, nikapanda daladala mpaka Mwaloni nikawa nazunguka kwenye dagaa naulizia boga la mwaloni lipo wapi, mama mmoja akaniangalia weee akasema kaka hapa mwaloni tuna dagaa, maboga nenda sokoni, wenzake wakacheka mpaka basi. Kumbe mwaloni huo mwingine ni mti wa nchi za baridi, boga limepewa jina kwa sababu limefanana na kokwa la ule mti: dogo, kijani kibichi kinachokaribia weusi, chini limechongoka na lina migongo kuzunguka.

Na blakiberi usidanganywe kwamba ni zambarau. Zambarau ina kokwa moja na inakausha ulimi. Wengine wanasema forosadi, hapo angalau sura zinaendana ila ni mti mwingine kabisa. Blakiberi ni ndugu wa waridi, ina miiba, na tunda lake ni vipunje vingi vimegandana kila kimoja na kimbegu chake. Cha ajabu watu wa mimea wanakwambia kwa hesabu zao boga ndo liko ukoo wa beri, blakiberi sio beri. Basi.

Turudi kwenye lishe. Ukichukua gramu 100 mbichi, blakiberi ina kalori kama 43 na boga hilo kama 40, maji vyote viko kwenye asilimia 88 hivi, ndo maana mtu akisoma juu juu anasema ah si vinalingana tu. Havilingani. Blakiberi ina nyuzinyuzi gramu 5.3, boga bichi 1.5. Vitamini C blakiberi 21 milligramu, boga 11. Kwenye potasiamu boga linapiga bao, kama 347 kwa 162. Halafu nani anakula boga bichi? Ukilioka maji yanatoka, kila kitu kinakolea, kalori zinafika 56, nyuzinyuzi zinapanda kama 4.4 lakini na wanga unafika karibu gramu 15, na wanga huo sehemu kubwa ni ule ule wa ukoo wa viazi. Hapo ndipo nilipoumia.

Mimi nilichukulia boga ni mboga, si ndo tulivyozoea, kwa hiyo nikawa namwekea bi mkubwa ugali wake kama kawaida, sato, halafu boga la kuoka pembeni tena la kutosha, najiona mtoto mwema. Tukapima sukari masaa mawili baada ya kula, ikasoma 14 (mmol/L), iko juu. Siku ya pili hivyo hivyo. Nesi wa kliniki alivyosikia akaniuliza, sasa hapo umempa ugali sahani ngapi? Akasema boga lihesabiwe upande wa ugali, likiingia hilo ugali upungue au utoke kabisa. Tulivyobadilisha, ugali ngumi moja au boga kipande, sio vyote, mchicha mwingi, namba zikaanza kushuka mdogo mdogo, japo na dawa anameza kwa hiyo siwezi kusema ni chakula peke yake. Blakiberi hazikumpandisha, ila alikuwa anakula kiganja kimoja tu.

Ila kama mzee figo zina shida usikurupuke na boga, hiyo potasiamu muulize daktari kwanza.

Kitu kingine ambacho kwenye chati hawasemi, lile boga la mwaloni vitamini A yake ni ndogo, mikrogramu kama 18 kwa gramu 100, wakati boga la kawaida lenye nyama ya chungwa linazidi 400. Kwa hiyo mtu anahangaika kutafuta la Marekani wakati Igoma hapa Mwanza ya kawaida yamepangwa chini barabarani na ni bora kuliko hilo! Weka kamafuta kidogo ili mwili uipate hiyo vitamini.

Mimi hata hivyo ubishi wangu nikaotesha, dogo alileta mbegu nikaziweka shamba la Kisesa. Maua ya mwanzo yote yalikuwa madume yakadondoka, nikajua nimeliwa, kumbe majike yanafuata. Miezi mitatu hivi nikavuna, upande uliolalia udongo unageuka chungwa. Ganda gumu, unakata kwa panga. Utamu wa kawaida, lina nyuzi kidogo. Likikaa ndani sehemu kavu unakula hata mwezi na zaidi.

Blakiberi kuotesha Mwanza mimi nilishakata tamaa, aina nyingi zinataka baridi kali ndo zizae. Nilikuwa nanunua za kugandishwa supamaketi na pakti moja ni hela ya sato wawili. Lishe haipotei sana kwenye friza, ila zikiyeyuka zinakuwa uji mweusi, na zile fresh ukizipata usizioshe mpaka wakati wa kula, siku mbili tatu zimeota ukungu.

Sasa hivi tumeziacha, bi mkubwa anakula pera la uani. Blakiberi alizisusa mwenyewe, anasema vimbegu vinamkwama kwenye meno bandia na hajaona mtu mzima anakula tunda huku ameshika kijiti. Nilimkumbusha kwamba hata pera lina mbegu, akanijibu hizo amezizoea.