Kinyonga akianza kula vya ajabu, kagua kizimba chake kwanza

Kinyonga wa Yemen hula majani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowashtua wengi wanaomfuga kwa mara ya kwanza. Umemnunulia nzige kwa pesa yako (ndiyo, huku Uingereza nzige wanauzwa dukani, wakiwa hai, ndani ya kikopo cha plastiki), umewapaka unga wa kalsiamu, halafu yeye anawapita na kwenda kumega jani la pothosi, ule mmea wa mapambo wa ndani. Hana ugonjwa. Aina hii, Chamaeleo calyptratus, asili yake ni Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, na ni miongoni mwa vinyonga wachache ambao mimea ni sehemu ya mlo wao wa kawaida: majani, maua, hata matunda. Wapo wanaosema anatafuta maji tu. Wangu, Shani, hunywa vizuri kila asubuhi na bado hibiskasi hainusuriki. Hung'ata ukingo wa jani, huvuta kichwa nyuma mpaka tawi zima linatikisika, kisha hutafuna taratibu huku jicho moja likinitazama mimi na jingine likiangalia taa.

Kwa hiyo usihangaike na kwa nini anakula majani. Hangaika na majani yenyewe. Vizimba vingi vya dukani huja vimepambwa mimea ya plastiki. Ing'oe yote. Kinyonga wa Yemen ataijaribu, na kipande kikimezwa kinaweza kumziba utumbo. Weka mimea hai: pothosi, hibiskasi, fikasi, shefulera. Ikitoka dukani ioshe majani vizuri, ibadilishie udongo, na uiache ikae kwa muda kabla ya kumwekea, kwa sababu mara nyingi imepuliziwa dawa za wadudu.

Nikimtumia mama picha za Shani, jibu ni lile lile: "Mwanangu, huko Ulaya paka wameisha?" Kwetu Tanga kinyonga ni mnyama wa kukimbiwa. Wapo wanaoapa kwamba ana sumu, na wapo wanaoapa kwamba akizaa hupasuka tumbo akafa. Sumu hana. Kuhusu kupasuka, kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Kenya na Mlima Meru huzaa watoto hai na maisha yake yanaendelea, na huyu wa Yemen hazai kabisa, hutaga.

Huyo wa pembe tatu naye ana lake kwenye chakula. Mwaka 1972 baadhi yao walifika Hawaii kutoka Kenya kwa biashara ya wanyama wa kufugwa, wakaachiwa nje, wakazaliana. Watafiti walipochunguza matumbo yao walikuta konokono wa asili wa visiwa vile, pamoja na magamba yao, na baadhi ya konokono hao wako hatarini kutoweka. Ukimwona wako anatafuna konokono mzima, basi, usipige simu hospitali. Hakikisha tu huyo konokono hakutoka kwenye bustani ya jirani iliyomwagwa sumu ya konokono.

Hayo ni ya kuchekesha. Kuna mengine ambayo mlo wa ajabu ni dalili, na hapo ndipo watu wengi wanapomkodolea mnyama macho badala ya kukodolea kizimba.

Chukua kula udongo. Kabla ya yote, tazama kwa makini kama kweli anakula. Ulimi wa kinyonga hunata sana, na akimlenga mdudu aliye sakafuni ataokota na udongo, vipande vya magome au kokoto. Dawa yake ni kuondoa matandazo yote na kuacha sakafu tupu, au kutandika karatasi. Wadudu wawekee kwenye bakuli refu lenye kuta laini, lililoning'inizwa kwenye tawi. Lakini kama anashuka kwa makusudi na kulamba au kumeza udongo wa chungu, uliza habari za madini. Nyenje, ambao ndio chakula cha vinyonga wengi wa kufugwa, wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Ukimlisha hao peke yao bila unga wa kalsiamu, mwili unaanza kuiba kalsiamu kwenye mifupa. Na hata ukimpa kalsiamu, bila miale ya UVB (miale ya jua isiyoonekana kwa macho) hawezi kutengeneza vitamini D3 ya kuitumia. Hapa wengi huniambia, "Lakini mimi namweka dirishani, anaota jua." Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Anapata mwanga na joto, basi. Na taa ya UVB yenyewe huchakaa huku ikiendelea kuwaka, kwa hiyo andika tarehe uliyoifunga na uibadilishe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji.

Kama ni jike, kuna jambo lingine kabisa, na hili ningependa kila mwenye jike alijue kabla hajamleta nyumbani. Jike wa kinyonga wa Yemen hutaga hata kama hajawahi kuona dume. Wiki za mwanzo za kubeba mayai hula bila kushiba. Halafu ghafla anasusa. Anakuwa mweusi-mweusi mwenye madoa ya njano na buluu, hatulii, anazunguka kizimba, anashuka chini na kuparura sakafu. Mtu asiyejua anaona mnyama aliyegoma kula na kuchezea udongo, anaanza kumbadilishia wadudu. Anachotaka huyo si wadudu, ni mahali pa kuchimba. Mpe ndoo au beseni lenye mchanga uliochanganywa na udongo, kina cha sentimita 20 hadi 30, lenye unyevu wa kutosha ili shimo lisibomoke. Kisha funika kizimba kwa shuka na umwache. Akikuona unachungulia anaweza kuliacha shimo na kuyazuia mayai, na mayai yakikwama ndani humuua. Shani huchimba mpaka anabaki mkia tu nje, na hutoka amejaa mchanga hadi kwenye kope.

Idadi ya mayai nayo inategemea mkono wako. Jike anayelishwa kupita kiasi na kuwekwa kwenye joto kali anaweza kutaga mayai zaidi ya 80 kwa mkupuo mmoja, na kila mkupuo unamnyonya nguvu. Jike mzima hahitaji chakula kila siku. Wadudu wachache kila baada ya siku moja au mbili wanamtosha, na chini ya taa joto lisizidi nyuzi 29 hivi. Najua ni vigumu, maana anakuja mbele ya wavu na kukutazama kama hajala tangu jana. Huenda kweli hajala tangu jana. Mwache.

Kususa kwa dume kuna sababu nyingine. Mara nyingi ni mazoea: amelishwa kitu kimoja mpaka amekichoka, au ameonjeshwa wale mabuu weupe wanene wenye mafuta na sasa hataki kingine, kama mtoto aliyezoeshwa chipsi. Zungusha vyakula: nyenje, nzige, mende wa dubia, mabuu wa nzi-askari weusi (black soldier fly) wenye kalsiamu nyingi, na mara mojamoja nzi wanaoruka, ambao humwamsha hata kinyonga mvivu kuliko wote. Wadudu wenyewe walishe vizuri siku nzima kabla, sukuma wiki, karoti, kipande cha chungwa, kwa sababu chochote kilicho tumboni mwa nyenje ndicho kinachofika tumboni mwa kinyonga. Na wasioliwa watoe jioni. Nyenje wenye njaa humng'ata kinyonga akiwa usingizini.

Kama si mazoea, pima joto kwa kipimajoto, usipime kwa kiganja. Kinyonga aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula, na mwenyewe analijua hilo kabla yako. Angalia maji pia. Vinyonga wengi hawatambui maji ya bakuli. Hunywa matone yanayong'aa juu ya majani, kwa hiyo nyunyizia majani au funga kidonyeshaji. Mwenye kiu hali vizuri. Kwenye kinyesi chake kuna sehemu ngumu nyeupe. Ikigeuka rangi ya chungwa iliyokolea, ana upungufu wa maji. Mwisho angalia anachokiona: kioo, paka, au kinyonga mwenzake ng'ambo ya chumba. Hawa ni wanyama wa kuishi mmoja mmoja, na kuona tu sura ya mwenzake kunatosha kumkatisha hamu.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni ulimi unaokosea. Mwaka 2016 mtafiti Christopher Anderson wa Marekani alichapisha vipimo vya ndimi za vinyonga wa aina nyingi, na Rhampholeon spinosus, kinyonga mdogo wa milima yetu ya Usambara, ndiye aliyewashinda wote: ulimi wake hufyatuka kwa mchapuko (ongezeko la kasi) unaozidi mara 260 ule wa kitu kinachoanguka. Mtambo wa namna hiyo unategemea misuli iliyo salama, na misuli inategemea kalsiamu. Kinyonga anayelenga, anafungua mdomo, halafu ulimi unatoka nusu au hautoki, au aliyeanza kumfuata mdudu na kumng'ata kwa taya, huyo hajabadilisha tabia. Ameshindwa. Inaweza kuwa kalsiamu, upungufu wa vitamini A, jeraha la ulimi au kidonda cha mdomoni. Usianze kumwongezea vitamini kwa kubahatisha, kwani vitamini A ikizidi nayo ni sumu. Na usimlazimishe chakula kwa bomba la sindano kabla hujaonyeshwa namna, kwa sababu akipaliwa, chakula kinaingia mapafuni.

Mnaonisoma mkiwa nyumbani, tafadhali msimchume kinyonga mtini kwa sababu ya makala hii. Kenya ina sheria ya wanyamapori ya 2013 na Tanzania ya 2009, na zote zinataka kibali. Hata huku, ukiuziwa kinyonga aliyekamatwa porini utamtambua kwa mlo wake: anakula sana na bado mbavu zinahesabika. Mara nyingi ni minyoo.

Ukienda kwa daktari, tafuta anayejua wanyama watambaao. Wa mbwa na paka wengi watakwambia wazi kwamba hawajui. Nenda na picha za kizimba kizima pamoja na taa, majina ya unga wa madini unaotumia, uzito wake wa wiki za karibuni, na kinyesi kibichi ndani ya kichupa kilichofungwa. Kama miadi ni ya kesho, kichupa kinakaa vizuri kwenye friji. Waambie tu wenzako wa nyumbani ni cha nini.